Usiseme Viatu Viko Sawa

Isiolo, Jumatano, baada ya alasiri

Habiba binti yangu,

Assalaam aleikum. Wewe na mama yako mko chumba cha ndani mnafunga sanduku kwa mara ya nne, na mimi niko hapa barazani mbele ya cherehani, nakuandikia barua kana kwamba umeshafika Norwei. Najua utacheka. Cheka tu. Kuna maneno ambayo nikitaka kuyasema uso kwa uso na mtoto wangu hugeuka kikohozi, na leo nimekohoa tangu adhuhuri. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo leo, kabla hujalala.

Habari za pasipoti, sala, watu wa uwanja wa ndege na nyama isiyochinjwa kihalali, mama yako amekwisha kuzisema mpaka nadhani hata kuku wetu wangeweza kusafiri salama. Sizirudii. Mimi nataka kusema juu ya nguo, na zaidi ya nguo nataka kusema juu ya viatu.

Leo saa saba nilikwenda nyuma ya nyumba kuchota maji. Nilikukuta umekaa juu ya jiwe, miguu yako miwili ndani ya karai, na pakiti ya chumvi kando yako. Hukuniona. Uliutoa mguu mmoja ukautazama, nami nikautazama. Kisigino kimechubuka, na kidole kidogo kimevimba na kuwa chekundu. Nilirudi na ndoo tupu.

Viatu vile umevivaa siku tatu humu ndani ili uvizoee. Nimekuuliza kila siku, na kila siku umenijibu, "Viko sawa, Aabo." Leo asubuhi ulinijibu huku unatabasamu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe la mkuu umelisikia maisha yako yote, na guu ndilo hilo, limo ndani ya karai.

Kosa la viatu ni langu. Unajua Mwalimu Inga alivyoandika. Tangu alipokufundisha Kiingereza, wakati mume wake akichimba visima upande wa Garbatulla, mama yule hajawahi kuandika neno la bure. Alipotuma tiketi ili ukakae nao wiki sita za likizo, ukisubiri matokeo ya mtihani, alituma pia karatasi mbili za mambo ya nguo. Alisema kwao mwezi huu maji ya ziwa yanakuwa magumu hadi magari yanapita juu yake. Alisema baridi inafika thelathini chini ya sifuri. Mimi sikujua sifuri ina chini. Nilikwenda dukani kwenye friji kubwa ya soda, nikavaa soksi mkononi, nikauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuanza kuhesabu. Nilifika mia na ishirini, mwenye duka akaniuliza kama nanunua au naoga. Nikamwuliza friji yake ina baridi kiasi gani. Akasema hajui, lakini sifuri yenyewe haifiki, maana soda hazijaganda.

Nilirudi nyumbani. Thelathini chini ya pale!

Ndipo nikaanza kushona lile koti. Fundi akiogopa hushona. Nilichukua blanketi zito la kijivu, nikalitia bitana, nikakupima kifua, mabega na kiuno, nikalikata likukae vizuri hasa. Siku ulipolijaribu, majirani walitoka kuangalia. Kisha nikaisoma tena barua ya Inga, sehemu niliyoipita haraka kwa sababu ilikuwa haitaji mishono. Anasema nguo za baridi zisikamate mwili. Anasema kinachokupa joto ni ile hewa inayokaa kati ya nguo moja na nyingine, na nguo ikibana hewa haina pa kukaa. Fulana ya sufu iguse ngozi, juu yake sweta, juu ya sweta koti, na kila moja iwe pana kuliko ya chini yake. Pamba isikaribie ngozi kabisa, kwa sababu ikinywa jasho haikauki, na jasho likipoa unapoa nalo. Nilimwuliza mama yako, ni nani atatoka jasho juu ya barafu? Akasema, "Wewe. Wewe ungetoka jasho hata huko."

Miaka kumi na saba nimekula kwa kubana nguo za watu zikakaa. Nilifumua koti lile lote. Nililiongeza kwapani, nikaliongeza mgongoni, na sasa halina umbo lolote, na ndiyo koti bora nililowahi kushona. Hata vita vya suruali tulivimaliza mimi na mama yako, suruali ya sufu chini na gauni juu, Mungu anajua kilichomo.

Lakini viatu nilivinunua kabla ya kupata akili hiyo. Nilikupima mguu ukiwa mtupu, kwa futi yangu ya kushonea, nikapanda mpaka Nanyuki na kipimo kile kwenye karatasi, nikachagua buti zinazolingana nacho sawasawa. Nilijisifu njia nzima. Soksi mbili za sufu zilizo kwenye orodha sikuzikumbuka kabisa. Fundi wa vipimo, nimemnunulia mwanangu viatu vya kukata damu miguuni, halafu nampeleka mahali ambapo, Inga ameandika na kupigia mstari, mguu uliobanwa ndio wa kwanza kuganda. Na ameandika jambo jingine ambalo nalisoma kila siku. Kidole kikianza kuganda huuma, halafu kinaacha kuuma, na kikiacha kuuma ndiyo hatari yenyewe. Maana yake huko, Habiba, ukinyamaza wewe, hata kidole chako kitanyamaza.

Kosa la kupima naweza kulisamehe. Linaloniuma ni kwamba uliponiambia viko sawa, ulinijibu vile nilivyokufundisha.

Nitakuambia habari za baba yako mdogo, Wario. Umeambiwa alikufa kwa homa. Ni kweli, lakini ni kweli fupi.

Wario alikuwa mdogo wangu wa mwisho, na baada ya wazazi wetu kufa nilimlea mimi. Alikuwa akikubeba mabegani kukuzungusha sokoni, ukiwa na miaka mitatu. Mwaka ule wa ukame mkubwa tulibaki na ng'ombe kumi na wawili, nikasikia kuna mwenye shamba upande wa Timau anakubali ng'ombe wa watu walishwe kwake kwa muda. Nikampeleka Wario nao. Ilikuwa mwezi wa saba. Wewe Timau ulikuwa ukiiona kwa dirisha la basi ukienda shule. Huko juu mwezi wa saba kuna ukungu na manyunyu, na mtu wa Isiolo anatetemeka hata akiwa ndani ya nyumba.

Nilimshonea jaketi la kaki. Ndilo jaketi la kwanza nililoshona kola yake ikalala. Lilimkaa barabara, mikono inaishia pale inapotakiwa, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya hata sweta. Kabla ya kuondoka tulipita penye mitumba, akaokota sweta moja la kahawia, kubwa, la sufu nzito, akalishika kifuani. Nikamwambia, "Ndugu wa fundi atavaa nguo ya Mzungu aliyekufa? Watu watasema nini?" Akalirudisha akasema, "Sawa, kaka." Ningelinunua kwa bei ya chai mbili.

Nilimfuata baada ya wiki tatu. Alikuwa amelala kwenye stoo karibu na ng'ombe, anakohoa, na jaketi langu lilikuwa bichi mwilini mwake, kaki ikinywa maji haiachi. Mke wa mlinzi wa shamba, mama mmoja Mmeru, alinivuta kando. "Huyu kijana nimemwita kila jioni aje jikoni aote moto," akaniambia. "Ananijibu, asante mama, niko sawa. Siku ya tano nikaacha kumwita."

Sikushangaa. Mtoto wa kwetu hulelewa hivyo. Huendi nyumba ya watu ukasema una njaa, una kiu, unasikia baridi. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, na ya pili unakataa. Mtu akikuuliza nagaa, unajibu nagaa, ni amani tu, hata kama asubuhi hiyo umezika. Niliona amelelewa vizuri, na nilifurahi kidogo moyoni, Mungu anisamehe.

Tulipata lori la kuteremka Isiolo. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikamwuliza, "Wario, unasikia baridi?" Akasema, "La, kaka, niko sawa." Nikapanda mbele.

Nimelirudia swali lile miaka yote hii. Niliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa la. Mkono wangu ulikuwa umeshika mlango wa lori tayari. Yeye alikuwa mtoto mwenye adabu akanipa jibu nililolitaka, akapanda nyuma kwenye upepo. Tulipofika chini kwenye joto letu alikuwa bado anatetemeka. Nimonia. Siku ya nne hospitalini, muuguzi alimwuliza kama anaumwa kifua, akatikisa kichwa kwamba haumwi. Siku ya sita tulimzika.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu waliisema methali ile matangani wakimhurumia Wario. Mimi nilijua ni nani aliyemfundisha kuficha.

Ungedhani baba mwenye akili angerudi nyumbani na kumlea binti yake kwa njia nyingine. Sikufanya hivyo. Unakumbuka ile siku kule Burat, ukiwa na miaka saba au minane, tulipokwenda kumtazama mteja wangu mgonjwa, mvua ikatunyeshea? Mkewe alikuuliza kama unasikia baridi, ukasema, "Ndiyo, sana," akakufunika leso yake. Nilikutazama. Sikukupiga, lakini ulinitazama ukaivua leso ile mwenyewe ukamrudishia. Njiani nikakuambia mtoto wa kwetu hasemi. Uliniitikia, "Ndiyo, Aabo." Hujasema tena.

Ukiwa kidato cha pili uliugua malaria siku tatu bila kumwambia mtu, mpaka ulipoanguka kwenye mstari wa asubuhi. Matroni akaniandikia kwamba mtoto huyu hasemi akiumwa, tafadhali zungumza naye. Unajua nilichofanya na barua ile? Niliikunja nikaiweka mfukoni, na kwa wiki nzima kila mteja aliyekuja kupimwa nilimsomea. Nilisema, tazameni binti yangu, hana makelele. Watu walinisifu. Kama ningeweza kurudi kwenye wiki moja tu ya maisha yangu, mbali na ile ya lori, ningerudi kwenye ile.

Sasa unaelewa kwa nini leo nilirudi na ndoo tupu. Kesho unakwenda kwa watu wema, lakini ni watu wasiojua desturi yetu. Kwetu mwenyeji mwenye akili anajua kwamba "la" ya kwanza si "la", anakusukuma mpaka unakula. Inga akikuuliza kama miguu imepata baridi ukamjibu uko sawa, atakuamini. Atageuka aendelee na kazi yake. Watu wa kule wanaamini maneno, na wewe nimekulea usiseme maneno. Naona hapo katikati ndipo mwanangu atakapoganda.

Nikasema moyoni, angalau viatu nivibadilishe. Nanyuki sifiki tena, basi lako ni asubuhi. Duka la hapa lina makubazi na raba. Nikamkumbuka Mama Kananu, jirani yetu, mke wa yule sajini wa kambini. Wanajeshi wana buti, na yeye mwenyewe ni mtu wa juu kwenye baridi. Nikavaa kofia yangu nikaenda.

Habiba, nilikaa pale nusu saa. Nilimsalimia, nikamwuliza watoto, nikamwuliza mvua za kwao. Alinipa chai. Neno "viatu" lilifika hapa kooni mara tatu. Mara ya mwisho aliniuliza kabisa, "Mzee Guyo, kuna shida?" Nikasema, "Hakuna, mama, nimekuja kusalimia tu." Nikamaliza chai nikarudi nyumbani. Hapo ndipo nilipochukua karatasi, kwa sababu mtu aliyeshindwa kuomba viatu vya mtoto wake kwa jirani hawezi kuamka asubuhi na kukuambia wewe, msichana wa miaka kumi na tisa, ufike nchi ya watu ukaombe.

Sasa magharibi inaadhiniwa. Naiacha kalamu hapa nikasali, halafu narudi kwa Mama Kananu.

*

Nimerudi.

Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu, nikaona salamu zitanipoteza tena. Alipofungua mlango nilisema yote mara moja, kwamba nahitaji buti, kwamba za mtoto zinambana kwa makosa yangu, kwamba anaondoka kesho na naogopa atakatwa vidole. Nadhani nilipaza sauti, maana mtoto wake alitoka jikoni kuangalia.

Mama Kananu aliweka mwiko chini. "Viatu? Hicho tu?" akasema. "Mzee, si ungesema saa ile! Tumekaa hapa miaka sita. Mimi nimekuja kwako kuomba sindano, kuomba moto, kuomba ngazi. Wewe hujaniomba hata chumvi. Nilikuwa nimeanza kuogopa kuja, nikajiona nimekuwa mzigo."

Miaka yote nilidhani nampa heshima yangu, kumbe mwenzangu alikuwa akiipokea kama mlango uliofungwa.

Ametoa buti kuukuu za mumewe, za ngozi, soli nene, namba mbili zaidi ya miguu yako. Sajini akirudi kesho atamwambia mwenyewe. Ameweka ndani soksi za sufu alizofuma mama yake, akasema zile hazirudishwi. Ziko hapa chini ya cherehani. Zile za Nanyuki usizitie hata kwenye sanduku, ukizibeba utazivaa ili kunifurahisha mimi.

Lakini sikiliza. Buti za sajini ni za mvua na matope. Zitakufikisha tu. Sijui kama zinaweza ile baridi, na wewe hujui, anayejua ni Inga. Kwa hiyo neno lako la kwanza ukimwona, baada ya salamu, liwe hili: Mwalimu, sina viatu vya kutosha, naomba unisaidie. Usilizungushe, na usingoje akuulize. Utaona aibu, uso utapata moto na masikio pia. Mimi nimetoka nao sasa hivi, bado masikio yanawaka, na sijafa. Akikuuliza baridi, mpe jibu la kweli la mara ya kwanza. Vidole vikiuma, sema vinauma. Vikiacha kuuma, piga kelele. Koti langu likionekana halifai, livue uvae lao, hata kama limevaliwa na watu kumi kabla yako. Ukinirudia na vidole kumi na koti la mtu mwingine nitamshukuru Mungu.

Kesho asubuhi, kabla basi halijaja, utavaa buti hizi na soksi mbili, utatembea mpaka barabarani na kurudi, na mimi nitakuuliza. Nitauliza mikono yangu ikiwa haijashika kitu. Ukitaka tukae pale mpaka basi liondoke bila wewe, tutakaa, kuna mabasi mengine. Nataka tu kwa mara moja katika nyumba hii mtoto anijibu jambo nisilotaka kulisikia.

Na kwa kuwa si haki nikutume mahali ambapo mimi sijafika, naanza mimi. Jana uliniuliza, "Aabo, uko sawa na hii safari?" nikakujibu niko sawa, nagaa kabisa. Siko sawa. Naogopa tangu tiketi ilipofika. Nimeamka kila usiku nikasikiliza unavyopumua, kama nilivyofanya ulipokuwa mtoto mchanga. Kama ningeulizwa na mtu anayetaka jibu la kweli, ningesema sitaki uende.

Nimesema. Sasa nenda, Habiba.

Ni mimi baba yako,
Guyo